Kwenda gereji na oili yako mwenyewe: mwongozo kamili kuanzia dukani hadi tone la mwisho

Ukishusha galoni la oili mbele ya fundi, mambo mawili yamebadilika hapo hapo. Gereji imekosa faida ya kukuuzia oili, na lawama ya oili hiyo, ikitokea kwamba haifai, imehamia kwako. Wenye magari wengi hufikiria la kwanza tu, kwamba wataokoa pesa. La pili ndilo linalogharimu injini.

Sababu nzuri ya kubeba oili yako ni kujua kwa hakika nini kimeingia kwenye injini: chupa ilikuwa na lakiri, daraja ni lile lililotajwa na mtengenezaji wa gari, kiasi ni kile kile. Gereji inayochota oili kwenye pipa bila kukuonyesha lebo haiwezi kukupa uhakika huo. Lakini uhakika huo huwa wako tu ukifanya kazi yote, tangu kusoma kitabu cha gari hadi kuondoka na lita iliyobaki.

Uliza kabla hujanunua

Usinunue kwanza ndipo uulize. Gereji nyingi hupata sehemu kubwa ya kipato chao kwenye oili na filta, huku ada ya kazi yenyewe ikiwa ndogo. Kwa hiyo utakutana na majibu matatu: wengine watakataa kabisa, wengine watakubali kwa ada ya juu zaidi, na wengine watakubali lakini bila dhamana yoyote. Yote matatu ni ya haki. Lisilo la haki ni kuambiwa bei moja asubuhi na nyingine gari likiwa tayari limepandishwa juu.

Piga simu au pita mwenyewe, useme wazi: "Fundi, nataka kubadilisha oili, lakini oili nitakuja nayo. Kazi peke yake ni kiasi gani?" Kisha uliza kama bei hiyo inajumuisha filta, washa (pete ndogo ya kuzibia) ya bolti ya kumwagia oili, kuzima taa ya sevisi kwenye dashibodi na kutupa oili chafu. Uliza pia kama utaruhusiwa kusimama karibu wakati wa kazi. Kuna gereji zinazozuia wateja kuingia eneo la kazi kwa sababu za usalama. Huko omba angalau waonyeshe filta ya zamani, galoni tupu na kijiti cha kupimia kabla gari halijatoka.

Jihadhari na huduma zinazouzwa kwa bei ya jumla, oili ikiwa ndani. Mara nyingi hawapunguzi chochote ukija na ya kwako, na utakuwa umelipia oili mara mbili. Ukiona hivyo, ama chukua huduma yao nzima au tafuta gereji inayotoza kazi peke yake.

Halafu malizeni suala la nani anawajibika kwa nini. Mgawanyo unaoeleweka ni huu: fundi anawajibika kwa kazi ya mikono yake, yaani bolti kukazwa sawasawa, filta kufungwa vizuri na oili kujazwa hadi kipimo. Wewe unawajibika kwa oili kuwa halisi na ya daraja sahihi. Omba risiti iandikwe "oili ya mteja", jina la oili, daraja lake, lita zilizoingia, na kilomita za gari siku hiyo. Gari likiwa bado na dhamana ya mtengenezaji, risiti hiyo pamoja na ile ya dukani ndiyo ushahidi wako kwamba sevisi ilifanyika kwa oili inayotakiwa.

Filta je? Ushauri wetu: kama gereji ni ya kuaminika, filta iwe yao. Ikivuja, hakuna mabishano kama kosa ni la filta au la fundi. Ukiamua kubeba filta pia, nunua kwa namba ya kipuri inayolingana na injini yako, siyo kwa kulinganisha umbo kwa macho. Filta mbili zinaweza kufanana nje, zikatofautiana uzi, kipenyo cha sili au shinikizo la kufungua vali ya dharura iliyo ndani. Iwe yao au yako, washa mpya ya bolti ni kitu kidogo sana ambacho hupaswi kukikosa.

Oili ipi hasa

Fungua kitabu cha gari kwenye ukurasa wa vilainishi. Utakuta vitu viwili, na vyote viwili ni lazima: uzito wa oili, kama 5W-30, na kiwango cha ubora, kama API SP (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani) au ACEA C3 (ACEA ni chama cha watengenezaji magari wa Ulaya). Wanunuzi wengi hutazama cha kwanza wakasahau cha pili.

Uzito kwanza. Herufi W hutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake huonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi; kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyowahi kufika juu ya injini unapowasha. Namba ya mwisho huonyesha mnato oili ikiwa na joto la kazi, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 0W-20 na 15W-40 hazibadilishani kienyeji.

Kuna imani iliyozoeleka kwamba oili nzito ndiyo inayolinda zaidi. Injini iliyoundwa kwa 0W-20 ina nafasi nyembamba kwenye beringi, na mfumo wake wa kubadilisha muda wa vali husukumwa na shinikizo la oili kupitia matundu madogo. Ukiiwekea 20W-50, oili huchelewa kufika injini ikiwa baridi, mfumo wa vali hujibu kwa kusuasua, taa ya injini inaweza kuwaka, na mafuta yanatumika zaidi. Kupanda daraja moja, kwa mfano kutoka 5W-30 hadi 5W-40, kunaruhusiwa kwa injini nyingi, ila soma jedwali la kitabu, maana watengenezaji wengine hutoa uzito zaidi ya mmoja kulingana na hali ya hewa. Jedwali hilo lina nguvu kuliko maoni ya yeyote, yakiwemo ya muuzaji na ya kwetu.

Sasa ubora. Kwenye alama za API, herufi S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli. Kwa petroli, herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya, na kipya hufunika cha zamani: kitabu kikidai SL au SM, oili ya SN au SP inafaa. Kinyume chake hakifai. SF haikukusudiwa kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, wala SG kwa zilizotengenezwa baada ya 1993, ila bado galoni za namna hiyo zinauzwa kwa bei ya kuvutia na picha ya gari jipya kwenye lebo. Kwa dizeli, CK-4 hufunika CJ-4 na CI-4, lakini FA-4 ni nyembamba zaidi na ni ya injini zilizotajwa tu. Usiichukue kwa kudhani kwamba ni hatua inayofuata.

Mambo matatu yanayovuruga watu hapa:

Gari la dizeli lenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi linahitaji oili yenye majivu machache, kwa kawaida ya kundi la ACEA C. Oili nzuri kabisa ya A3/B4, kundi jingine la ACEA, ina viongezi vinavyoacha majivu mengi. Majivu hayaungui kama masizi, hubaki humo na kukiziba kichujio polepole.

Injini ndogo ya petroli yenye turbo, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, huweza kupata mlipuko wa mapema injini ikibebeshwa mzigo kwa mzunguko mdogo. Mlipuko huo unaweza kuvunja pistoni. API SP, iliyoanza mwaka 2020, ina jaribio maalumu la tatizo hili. Kwa injini za aina hii, usishuke chini yake.

Pikipiki ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini inahitaji alama ya JASO MA au MA2, ambayo ni ya viwango vya Japani. Oili ya gari ina vipunguza msuguano vinavyoweza kufanya klachi iteleze.

Magari mengi ya Ulaya huongeza sharti la tatu: idhini ya mtengenezaji, mfano VW 504 00/507 00, MB 229.51 au BMW Longlife-04. Soma lebo ya nyuma kwa makini. Idhini ina maana kwamba mtengenezaji wa gari aliikubali oili hiyo baada ya kupimwa kwa masharti yake. Maneno kama "inapendekezwa kwa" au "inafaa kwa magari yanayohitaji" ni dai la mwenye oili peke yake. Gari likiwa ndani ya dhamana, nunua yenye idhini.

Lita ngapi

Kitabu hutoa vipimo viwili: pamoja na filta na bila filta. Wewe unabadilisha filta, kwa hiyo chukua cha kwanza. Tofauti yake huwa karibu robo hadi nusu lita. Injini nyingi ndogo za silinda nne huchukua kati ya lita 3 na 4.5, na injini za dizeli za magari makubwa ya nyumbani huweza kufika 7 au zaidi. Usikisie kwa ukubwa wa gari.

Galoni zinazotoka Marekani hupimwa kwa kwati, na kwati moja ni lita 0.946. Kwa hiyo chombo cha kwati 5 kina lita 4.73, siyo 5. Injini inayochukua lita 4.2 za oili haitoshwi na galoni la lita 4, na hapo ndipo fundi huongeza nusu lita ya kitu chochote kilichopo karibu. Ongeza chupa ya lita 1 ya oili ile ile. Itakayobaki ndiyo ya kujazia baadaye.

Hakikisha siyo bandia

Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kampuni ya oili, na chukua risiti. Kagua pete ya kifuniko: ishikane na kifuniko bila alama ya kubanduliwa wala gundi. Namba ya toleo na tarehe iwe imechapwa kwenye chombo chenyewe na isifutike kwa kidole. Ukinunua vyombo viwili vya toleo moja, kiwango cha oili kionekane sawa kwenye ukanda wa pembeni unaopitisha mwanga. Kama kuna msimbo wa kukwangua au wa kupiga picha kwa simu, utumie hapo hapo dukani, siyo nyumbani.

Bei iliyo chini mno kuliko kwa mawakala wengine ni jibu tosha. Rangi na harufu havikuambii kitu. Oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi hupendeza macho.

Siku ya kazi

Fika injini ikiwa na joto la wastani. Mwendo wa dakika kumi hivi unatosha: oili inakuwa nyepesi, inabeba uchafu ikitoka. Injini iliyotoka safari ndefu iachwe ipoe kidogo, maana oili ya moto sana inaunguza mkono na fundi atafanya haraka kwa kujihami.

Mkabidhi fundi oili ikiwa bado na lakiri, na mfungue pamoja. Mwambie kiasi: "Fundi, kitabu kinasema lita tatu nukta saba pamoja na filta." Kisha fuatilia hatua hizi.

1. Gari lisimame sawa, lisiinamie upande. Kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe ili hewa iingie na oili itoke vizuri.

2. Bolti iliyofunguliwa iwe ya injini. Kwenye baadhi ya magari, bolti ya giaboksi iko wazi zaidi kuliko ya injini, na fundi asiyelizoea gari humwaga oili ya gia akijaza injini mara mbili. Madhara yake ni giaboksi kavu na injini iliyofurika, na yote mawili yanaweza kufa ndani ya safari fupi. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia iliyokolea. Kikitoka kitu chekundu, kijani au cheupe kama maji, mwambie asimame hapo hapo.

3. Iachwe idondoke hadi matone yaachane, dakika 10 hivi. Gereji zinazonyonya oili kwa pampu kupitia tundu la kijiti hufanya kazi nzuri kwa injini zilizoundwa hivyo. Kwa nyingine huacha mabaki chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

4. Filta ya zamani ikitoka, tazama sili yake ya mpira. Ikiwa haipo kwenye filta, imebaki imeganda kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu yake, sili mbili hushikilia kwa muda, kisha moja huruka na pampu kumwaga oili yote barabarani ndani ya dakika chache. Hili ndilo kosa baya kuliko yote ya kazi hii, na kulizuia ni kutazama tu. "Fundi, naomba nione sili ya filta ya zamani." Hakuna fundi mzuri atakayechukia.

5. Sili ya filta mpya ipakwe oili safi kwa kidole, na filta ikazwe kwa mkono: ikishagusa, izungushwe robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyochapwa kwenye filta yenyewe. Kukaza kwa spana ya filta hukunja sili na kufanya ufunguaji ujao uwe vita. Kwa filta ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe, mpira mpya wa kikombe lazima uwekwe kwenye mfuo wake, na kifuniko, ambacho mara nyingi ni cha plastiki, kikazwe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. 25 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) ni cha kawaida.

6. Bolti ianze kufungwa kwa vidole, na washa mpya. Kwa magari mengi madogo kipimo ni kati ya 30 na 40 Nm, lakini tumia cha kitabu. Sampo nyingi ni za alumini, na uzi wake hulika kwa urahisi. Fundi anayetumia mashine ya upepo kukaza bolti hiyo anaharibu sampo. Ombi lako la spana ya mkono ni halali.

7. Ijazwe pungufu kidogo ya kiasi cha kitabu, karibu nusu lita chini. Kisha kifuniko kirudi, injini iwashwe, iachwe bila kukanyagwa kwa nusu dakika hadi dakika moja. Taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini mara moja na utafute sababu.

8. Fundi achungulie bolti na filta kwa tochi injini ikiwa inaunguruma. Kisha izimwe, isubiriwe dakika 5 hadi 10, kijiti kifutwe, kichomekwe, kisomwe. Kati ya alama ya chini na ya juu mara nyingi kuna karibu lita moja, kwa hiyo ongezeni kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu.

Kuvuka alama ya juu siyo ukarimu. Krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikiipiga oili huitia povu, na povu halilainishi. Sili huanza kuvuja, na oili inayovutwa kwenye moshi huharibu katalisti, yaani kichujio cha gesi za moshi. Ikizidi, imwagwe au inyonywe hadi ishuke. Magari yasiyo na kijiti hupima kwa skrini ya dashibodi, na kila moja lina utaratibu wake, mara nyingi injini ikiwa na joto kamili na gari likiwa limetulia sawa. Gari la hibridi nalo linaweza kukaa kimya baada ya kuwashwa kwa kuwa betri imejaa. Hakikisheni injini yenyewe imezunguka kabla ya kusoma kipimo.

Kabla ya kuondoka

Hesabu vyombo. Kama ulikuja na lita 5 na injini inachukua 3.7, lita 1.3 inarudi nawe, na kifuniko kimefungwa vizuri. Ihifadhi pakavu, mbali na jua. Galoni tupu zitobolewe au zikatwe kwa kisu mbele yako, hata kama zinabaki gereji. Chombo kizima chenye lebo safi ndicho mali ghafi ya wauzaji wa oili bandia.

Oili chafu ibaki gereji, kwenye pipa la kukusanyia oili iliyotumika, kwa ajili ya kurejelezwa au kuteketezwa ipasavyo. Isimwagwe kwenye mtaro wala ardhini, na isitumiwe kupaka mbao au kutuliza vumbi. Imebeba vyuma vilivyosagika na masalia ya moto wa injini, na ikigusana na ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kusababisha saratani.

Taa ya sevisi irudishwe mwanzo, na kilomita za mabadiliko yajayo ziandikwe kwenye kikaratasi ndani ya mlango.

Kilomita za mwanzo

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, tazama sakafu chini ya injini na upime kijiti tena. Kiwango cha asubuhi kinaweza kuwa juu kidogo kuliko cha gereji, kwa kuwa oili yote imeshuka. Hiyo ni kawaida. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Tone kwenye bolti ni washa au ukazaji. Unyevu kuzunguka filta ni sili. Harufu ya kuungua bila tone chini huwa oili iliyomwagika juu ya bomba la moshi wakati wa kujaza, na inapaswa kuisha baada ya siku moja au mbili, isipoisha, rudi.

Ukimiliki dizeli, usishtuke oili ikiwa nyeusi siku ya pili. Masizi yaliyobaki ndani ya injini hupakwa kwenye oili mpya mara moja, na oili inayoyachukua inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Cha kushtua ni kiwango kinachopanda chenyewe kwenye kijiti, maana kuna kitu kinachoingia: dizeli isiyoungua, au maji ya rejeta yanayoifanya oili iwe kama chai ya maziwa. Hapo gari liegeshwe, na fundi aitwe aje lilipo.